Modeli ya mguu yenye neva: nimekaa nayo miezi saba, haya ndo niliyoyaona

Nimekaa na hii modeli miezi saba ndo naandika, sikutaka kuandika wiki ya kwanza maana wiki ya kwanza kitu kipya chochote kinapendeza. Nasoma fiziotherapia mwaka wa tatu, na kwenye anatomia yote hakuna kilichonitesa kama neva za mguu. Majina unakariri yanakaa, shida ni njia. Kitabu kinakuonyesha mguu kwa mbele, ukifungua ukurasa mwingine uko kwa nyuma, mwingine umekatwa vipande kama gogo, alafu ni juu yako kuunganisha kichwani neva iliyokuwa nyuma ya paja imefikaje mbele ya muundi, na nyingine iliyoanzia tumboni imetokeaje upande wa ndani wa goti. Mi nilikuwa nashindwa kabisa. Ndo nikajichanga nikaagiza modeli onlaini.

Ni mguu wa kulia, plastiki, saizi ya mtu mzima, unaanzia nusu ya fupanyonga unaishia vidoleni na umesimama kwenye kitako chake. Misuli inatoka vipande 13, mingine inashikwa na sumaku mingine na pini. Neva ni njano, ateri nyekundu, vena bluu. Kuna kijitabu chenye namba ya kila kitu, nacho nitakisema mbele huko maana kina kosa ambalo lilitugombanisha watu watano usiku mzima.

Kabla sijasema nzuri au mbaya niseme kwanza nimeipima vipi. Neva ya mguu haiumii ovyo ovyo popote, kuna sehemu zake za kuumia zinajulikana, pale inapopenya chini ya kitu kinachobana au inapolala juu ya mfupa na hapo juu yake kuna ngozi tu. Chini ya msuli wa piriformisi kwenye tako, chini ya ligamenti ya kinena, kwenye shingo ya fibula (ule mfupa mwembamba wa nje wa muundi) nje ya goti, na nyuma ya fundo la ndani la mguu. Mgonjwa akija anaburuza mguu au anasema wayo umekufa ganzi, kichwa chako kinatakiwa kiende kwenye hizo sehemu haraka. Kwahiyo modeli ikipatia hizo sehemu mi naisamehe mengine mengi, ikikosea hapo hata ingekuwa na rangi nzuri vipi haijanisaidia.

Tuanze na tako maana hapo ndo hela yangu ilirudi. Unatoa msuli mkubwa wa juu, gluteasi maksimasi, ni kipande kimoja kizito kinatoka na sumaku mbili, na chini yake unakutana na piriformisi imelala kwa ulalo kutoka sakramu, ule mfupa wa chini ya kiuno, kwenda kwenye ule mfupa unaochomoza pembeni ya nyonga. Chini ya ukingo wake inatoka siatiki. Jamani mi nilijua siatiki ni neva nene kuliko zote mwilini, nimeisoma mara mia, L4 mpaka S3 (L ni mizizi ya neva ya mgongo ya kiunoni, S ya kwenye sakramu), lakini kuiona imetoka pale nene kama kidole ni kitu kingine kabisa. Upana wake kwa mtu mzima unafika karibu sentimita 2, na hawa jamaa hawakuichora nyembamba kama modeli nyingi zinavyofanya ili nafasi itoshe. Inashuka katikati ya mfupa wa kukalia na ule mfupa wa pembeni, inaelekea zaidi kidogo upande wa mfupa wa kukalia, sawasawa kabisa. Niliweka vidole vyangu viwili kwenye hiyo mifupa ya modeli, alafu nikaitafuta kwenye mwili wangu mwenyewe nikiwa nimesimama, na hapo ndo kwa mara ya kwanza nikaelewa kwanini tunaambiwa sindano ya tako ipigwe robo ya juu ya nje na sio katikati. Kusema tu robo ya juu ya nje haikai kichwani kama kurudishia msuli mahali pake ukajua chini ya hapa katikati pamelala ile kamba ya njano.

Kitu kingine kizuri, ukitoa kichwa kirefu cha baisepsi, msuli wa nyuma ya paja, unaiona siatiki inavyopita chini yake, na wameonyesha kabisa kwamba ile ni neva mbili zimefungwa pamoja, upande wa ndani neva ya tibia na upande wa nje neva ya fibula ya pamoja, kuna mfereji mdogo wameuchonga katikati. Ukiuelewa ule mfereji utaelewa kwanini misuli ya nyuma ya paja inalishwa na upande wa tibia isipokuwa kichwa kifupi cha baisepsi peke yake ndo kinachukua kutoka upande wa fibula. Lile swali linatoka kila mwaka nyie, na hapa unaliona kwa macho. Zinaachana juu kidogo ya uvungu wa goti, ndivyo ilivyo kwa watu wengi japo sio wote, kuna watu neva zao zimeshaachana tangu ndani ya fupanyonga na ile ya fibula inatoboa piriformisi katikati. Watafiti Beaton na Anson waliziandika tofauti hizi tangu mwaka 1937. Sio kosa la modeli kuonyesha umbo moja, lakini kijitabu kingetaja hata kwa mstari mmoja, maana mwanafunzi anaweza kudhani binadamu wote tumeundwa hivyo.

Sasa lawama ya kwanza. Juu ya piriformisi hakuna kitu. Yaani kabisa. Neva ya juu ya gluteasi, ile ya L4, L5 na S1 inayolisha gluteasi midiasi na minimasi, misuli ya pembeni ya nyonga, hawakuiweka. Hii ndo neva inayokuzuia usiyumbe unapotembea, ukisimama mguu mmoja ndo inashikilia fupanyonga lisianguke upande wa pili, ikifa unapata ule mwendo wa kuyumba tunaoupima kwa jaribio la Trendelenburg. Mtu wa fiziotherapia anapima hilo jaribio kila siku. Na midiasi yenyewe kwenye hii modeli inatoka vizuri tu, unaitoa unakuta mfupa mtupu, ungedhani walichonga nafasi wakasahau. Mbele huko utaona kwanini imeniuma sana.

Geuza mguu uangalie mbele. Kwenye kinena wamefanya kazi safi. Chini ya ligamenti kutoka nje kuja ndani unakutana na neva ya femora, ateri, vena, kwa mpangilio huo huo, na neva imekaa nje ya ule mfuko unaofunika ateri na vena kama inavyotakiwa. Ikishapita ligamenti tu inafumuka matawi kama kamba iliyoachiwa, wameyaonyesha matawi ya kuadrisepsi (misuli ya mbele ya paja) vizuri, la sartoriasi (msuli mrefu unaokatiza paja) pia. Tulifanyia zoezi la rifleksi ya goti, unagonga kano chini ya kilegesambwa alafu mwenzako anafuata kwa kidole njia ya ujumbe kupanda mpaka L3 na L4. Anafuata mpaka kwenye fupanyonga anaishia hapo, kwasababu hakuna pingili za mgongo na msuli wa psoasi umekatwa, neva zinaanzia hewani kama nyaya zilizochomolewa ukutani. Kama unataka kujifunza mtandao wa neva wa kiuno, L1 mpaka L4 unavyojipanga ndani ya psoasi, femora ikitokea upande wa nje wa msuli na obturata upande wa ndani, hii modeli haitakupa. Tafuta ya mgongo pembeni.

Nilichoshangaa kwa uzuri ni neva ya ngozi ya upande wa nje wa paja. Ndogo, inapita karibu kabisa na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, modeli nyingi haziijali, hapa ipo. Hiyo ndo inabanwa mtu akivaa mkanda au nguo ya kubana sana kiunoni, au mama akiwa mjamzito, au mtu akinenepa tumbo, anakuja anasema paja kwa nje linawaka moto au limekufa ganzi na ameshajiaminisha ni mgongo. Na kwasababu ni ya ngozi tu, haina msuli hata mmoja, ukimpima nguvu zote zipo. Ile neva ndogo peke yake imenisaidia kuelewa mgonjwa mmoja niliyemwona kwenye mafunzo kwa vitendo.

Alafu wakaniudhi hapo hapo. Neva ya safena, tawi refu la femora, inashuka kwenye mfereji wa misuli ya ndani ya paja vizuri kabisa, ukitoa sartoriasi unaiona iko na ateri, nikafurahi. Inafika upande wa ndani wa goti, inaisha. Imekatika! Wakati kwenye mwili ndo kwanza iko nusu ya safari, inatoka hapo inaingia chini ya ngozi inashuka na ile vena kubwa ya safena upande wa ndani wa muundi, inapita mbele ya fundo la ndani mpaka ukingo wa ndani wa wayo. Ndo tawi pekee la femora linalofika chini ya goti. Na vena yenyewe ya bluu wameishusha mpaka chini! Yaani wameweka vena wakaacha neva inayotembea nayo, wakati mtu akifanyiwa upasuaji wa ile vena na baadae akasema ndani ya muundi hapasikii, jibu liko kwenye huo ujirani.

Obturata sitaiongelea sana. Inatokea kwenye tundu lake, ni kisiki cha sentimita kama tatu, haijagawanyika mbele na nyuma ya adakta brevisi, msuli wa ndani ya paja. Inatosha kukumbusha tu kwamba neva hiyo hiyo inayogusa nyonga inagusa na goti, ndo maana mtoto analalamika goti kumbe ugonjwa uko nyongani.

Sasa tuje kwenye shingo ya fibula, na hapa naomba mnisome taratibu.

Neva ya fibula ya pamoja ndo inayoumia sana kuliko neva zote za mguu, na sababu ni hapo tu, inatoka uvungu wa goti, inafuata kano ya baisepsi, inazunguka shingo ya fibula chini kidogo ya lile fundo la mfupa unalolishika nje ya goti, na hapo imelala kwenye mfupa mtupu juu yake kuna ngozi na kitambaa chembamba basi. Mjomba wangu alivunjika kifundo cha mguu akafungwa plasta, ukingo wa juu wa ile plasta ulikuwa unamkandamiza hapo hapo. Alilalamika, hakusikilizwa vizuri. Siku ilipotolewa akaniambia, "Mjomba, mbona wayo haunyanyuki, vidole havinisikii?" Mguu wenyewe umepona, mfupa umeunga, lakini wayo unaning'inia, akitembea ananyanyua goti juu kama anapanda ngazi ili vidole visiburuze. Neva ikiharibika inaota upya taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku, sentimita 10 tu ni zaidi ya miezi mitatu. Alikaa na kifaa cha kushikilia wayo karibu mwaka mzima. Amerudi, anatembea, lakini mi tangu siku hiyo sehemu ile siichukulii poa.

Kwahiyo nilipofungua boksi kitu cha kwanza kabisa nilichoangalia ni pale. Na pale ndo pamekosewa. Neva imepakwa rangi juu ya kichwa cha fibula, sio kwenye shingo, iko juu kama sentimita 2 kuliko inavyotakiwa, alafu ikifika kwenye msuli wa fibularisi longasi inapotelea kwenye plastiki. Ule msuli hautoki. Vipande 13 vinatoka ila sio ule. Na chini ya ule ndo neva inagawanyika mara mbili, ya ndani (yaani iliyozama kwenye misuli) inakwenda mbele ya muundi kulisha tibialisi anteria na misuli ya kunyanyua vidole, na ya juu (yaani ya karibu na ngozi) inabaki pembeni kulisha fibularisi mbili za kugeuza wayo nje. Tukio lenyewe kubwa la neva ile limefichwa. Mtu akijifunzia hapa tu, siku akiweka plasta au bandeji ataiachia nafasi kwenye kichwa cha mfupa na ataibana shingo.

Nikawa nafanya hivi na wenzangu, tunaiacha modeli pembeni tunatumia miguu yetu. Kaa, kunja goti kidogo, shika kile kifundo cha mfupa nje ya goti, telezesha kidole chini na nyuma yake kidogo, utasikia kitu kama uzi mnene kinabiringika chini ya kidole, ukikibonyeza kidogo unasikia msisimko unashuka kuelekea juu ya wayo. Hiyo ndo yenyewe. Hapo hapo ndo wanaopima ukoma wanagusa kuona kama neva imenenepa. Hakuna modeli itakufundisha kama kidole chako.

Na kijitabu kikamalizia kuharibu. Namba 41 wameandika neva ya fibula ya juu, namba 42 ya ndani, na zimebadilishana. Kwenye diskasheni dada mmoja akasema ngozi ya kati ya kidole gumba na cha pili inalishwa na fibula ya juu, mimi nikasema ya ndani, akafungua kijitabu, "Haya soma mwenyewe ndugu yangu, namba 41 hii hapa." Tulibishana mpaka usiku, tukafungua vitabu vitatu tofauti ndo ikajulikana. Sehemu ile ndogo kati ya gumba na kidole cha pili ni ya fibula ya ndani, ngozi nyingine karibu yote ya juu ya wayo ni ya fibula ya juu. Sio jambo dogo hilo, mgonjwa aliyekufa ganzi pale tu na aliyekufa ganzi juu ya wayo mzima hawajaumia sehemu moja.

Hapa sasa ndo narudi kwenye ile neva ya gluteasi waliyoisahau. Mtu akija wayo unaning'inia, swali la kwanza ni kaumia kwenye shingo ya fibula au mzizi wa L5 umebanwa mgongoni? Unampima vitu viwili. Ageuze wayo kwa ndani, hiyo ni kazi ya tibialisi posteria inayolishwa na neva ya tibia lakini inatumia L5 pia, na apanue paja kwa pembeni, hiyo ni gluteasi midiasi na neva yake ya juu ya gluteasi, nayo ni ya L5. Vyote viwili vikiwa na nguvu, tatizo liko gotini. Vikiwa dhaifu, angalia mgongo. Modeli ingekuwa na ile neva ya juu ya gluteasi ungeweza kumwonyesha mtu jambo zima hili kwa mguu mmoja ndani ya dakika mbili. Tibialisi posteria wanayo na inatoka vizuri. Wamekupa nusu.

Nikimaliza na lawama nije kwenye kilichonifanya nisirudishe. Nyuma ya fundo la ndani na kwenye wayo, hapo waliokaa kutengeneza walikuwa na moyo. Kuna utepe wa plastiki laini unaotoka, ndo paa la lile handaki, ukiutoa unaona kutoka mbele kwenda nyuma kano ya tibialisi posteria, kano ya kukunja vidole, ateri na vena, neva ya tibia, na mwisho kano ya kukunja gumba. Hakuna kilichoruka mstari. Wayo una tabaka tatu, unazitoa moja moja, neva ya tibia unaiona inagawanyika mbili, ya ndani ya wayo inakwenda vidole vitatu na nusu na ya nje inachukua kimoja na nusu, sawa na mkono ulivyogawanywa na neva zake za midiani na alna, na mimi sikuwahi kuuona huo ufanano mpaka niliposhika tabaka ya pili mkononi. Hata neva ya surali ipo, imepita nyuma ya fundo la nje na ile vena ndogo, ile ambayo madaktari wanaichukua kuunganishia neva nyingine zilizokatika. Nikiwa na mgonjwa wa kisukari naanza kumweleza kwa kuonyesha hapa, nyuzi za neva zinazofika vidoleni zinatoka mgongoni, karibu mita nzima kwa mtu mzima, ndizo ndefu kuliko zote na ndizo zinazotangulia kuchoka, ndo maana ganzi inaanza vidoleni inapanda. Wanaelewa. Mzee mmoja aliinama akaangalia wayo wa modeli muda mrefu alafu akavua kiatu mwenyewe nimkague.

Uimara wa kawaida. Sumaku za tako bado kali, pini mbili za nyuma ya paja zimelegea mwezi wa tano. Rangi ya njano imeanza kuchubuka kwenye siatiki kwasababu kila mtu lazima aiguse. Isugue kwa kitambaa chenye maji tu, spiriti inaondoa rangi, nilijaribu kwenye kidole gumba ikatoka. Harufu ya plastiki ilikaa wiki mbili ikaisha.

Niliwaandikia waliouza kuhusu namba 41 na 42 na ile fibula, wakajibu kistaarabu kwamba watapeleka kwa watengenezaji, kijitabu kipya sijapewa. Nyota natoa tatu na nusu. Ukiwa unasomea wayo na tako ichukue bila kufikiria mara mbili, ukiwa unataka mtandao wa kiuno iache.

Ukiichukua nunua na uzi wa sufi wa njano na gundi. Mimi nimeshaunganisha safena kutoka ndani ya goti mpaka kwenye wayo nikiifuata ile vena, nimeteremsha fibula kwenye shingo yake na kuipaka ile ya kichwani rangi ya mfupa, na wiki hii natoboa tundu dogo juu ya piriformisi nipitishe ya gluteasi.